Ghorofa Haibebi Jeneza

"Ghorofa haibebi jeneza." Mmeisikia leo msibani, mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, kaeni. Nasoro, zima hiyo simu. Methali hii ilizaliwa hapa hapa mtaani, nami nilikuwepo.

Badawi alijenga ghorofa ndefu kuliko zote nchini. Ukitazama kileleni, kofia inaanguka. Akahamia juu kabisa na mama yake, Bi Somoe, mwanamke asiyekosa msiba wa jirani. Kule juu mama akawa anatuona kama sisimizi tukipita na jeneza.

"Mwanangu, nishushe nikalie na wenzangu."

"Mama, nimekuweka juu ya watu wote, unataka kushuka?"

Tukifiwa, Badawi haji. Anatuma dereva na gunia la mchele.

Siku Bi Somoe alipofariki, umeme ulikatika mji mzima, lifti ikalala. Nilipanda kwa miguu kumwosha. Magoti yananilaumu mpaka leo. Tukamvisha sanda, tukangoja wabebaji. Wakubwa wenzake Badawi walituma pole kwa simu. Jua likaanza kuinama. Badawi akateremka mbio hadi barazani kwa wanaume wa mtaa.

"Jamani, njooni tumshushe mama."

Shomvi, aliyekuwa amemzika mkewe bila kumwona Badawi, aliendelea kutafuna tambuu.

"Pole, bwana mkubwa. Gunia la mchele halijakufikia?"

"Ndugu yangu, siombi chakula. Naomba mabega."

"Mabega? Si una ghorofa? Iambie ikubebee."

Wakacheka. Nao wote Bi Somoe aliwapikia katika misiba yao.

Badawi akapanda tena. Akamfunga mama yake mgongoni kwa kanga, kama alivyobebwa yeye utotoni, akashuka, mimi nyuma nimeshika sanda isiburuzike. Tulipotokea mlangoni, kicheko kilikwisha. Wanaume wakanyoosha mikono kumpokea. Badawi akawapita, akamlaza mwenyewe katika jeneza lililongoja pale chini, akashika mpini mmoja. Akangoja. Peke yake hawezi kuliinua, na wao wanalijua hilo. Wakainua. Njia nzima hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Badawi alikwishakufa. Ghorofa ipo. Na leo tumemzika Mzee Shomvi, yule yule. Mjukuu wake, aliyelelewa naye, anakaa kule juu ghorofani, mmemwona msibani? Hata mimi sikumwona. Lakini pilau mmekula, na mchele kautuma yeye.

Ghorofa haibebi jeneza, wanangu. Haya, chekeni tena.