Bakuli la Zimwi Lenye Kiu

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo, bibi!

Hapo kale aliishi mkereza wa mabakuli ya mti, jina lake Makame. Yeye alishika patasi, na mkewe Saumu alivuta kamba ya kuzungusha mti.

Siku moja likaja Zimwi kutoka msituni.

"Bakuli langu limepata ufa! Kila jioni lilijaa uji lenyewe. Sasa uji unavuja, nami nina njaa. Lizibeni, au nile watu."

"Kazi ndogo hiyo!" akasema Makame. Akaenda mbio, akapachika nta kwenye ufa, akajisifu.

Jua likawaka, nta ikayeyuka, ufa ukazidi. Basi Zimwi likamtia Makame ndani ya tenga, likaenda kumwambia Saumu: "Mwezi ukiandama bakuli bado linavuja, mumeo ndiye uji wangu."

Saumu akachukua mafuta ya ufuta, keekee na waya wa shaba, akaingia msituni.

Alipoliona bakuli, alilizunguka kulitazama. Lilikuwa kubwa kama ua wa nyumba, jekundu, na mistari ya mti ilizunguka ndani yake kama maji yaliyotupiwa jiwe.

"Babu," akanong'ona, "nani alivuta kamba ya hili?"

"Kimbunga," likajibu Zimwi, nalo likanong'ona.

"Na patasi alishika nani?"

"Hata babu yangu hakujua."

Saumu akaweka sikio kwenye ufa. Akasikia bakuli linahema, hhh, hhh.

"Unaliweka wapi?"

"Juani, likauke vizuri."

"Basi lina kiu."

Akalifunika kwa majani ya mgomba, akalipaka mafuta.

"Nina njaa, mwanamke!" likanguruma Zimwi.

"Ngoja, babu. Mti bado unakunywa."

Akapaka tena.

"Nina njaa, mwanamke!"

"Ngoja, babu. Mti bado unakunywa."

Makame akalia ndani ya tenga: "Saumu, ziba tu!"

"Ngoja, mume wangu. Mti bado unakunywa."

Akapaka tena. Polepole, kama mtoto anayesinzia, ufa ukaanza kujifumba.

Basi Saumu akashika keekee, akatoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa.

Zimwi likainua mguu. "Nimekupa ufa, unaniongezea tundu!"

"Ufa hukimbia, babu. Ukifika kwenye tundu la mviringo, hauna tena pa kukimbilia."

Mguu ukashuka taratibu. Saumu akaushona ufa kwa waya, kama ashonavyo ukili wa mkeka.

Mwezi ukaandama. Zimwi likainama, Makame akachungulia kutoka ndani ya tenga, Saumu akafunua majani.

Uji ukapanda. Ukapanda. Ukapanda hadi ukingoni, mweupe, ukifuka mvuke. Halikudondoka hata tone.

Zimwi likapiga magoti, likalia. Likafungua tenga, na uji wa kwanza likampa Makame.

Njiani Makame akauliza, "Ulijulia wapi haya, mke wangu?"

"Nilikuwa navuta kamba kwa mikono. Masikio yalikuwa hayana kazi, yakawa yanausikiliza mti."

Toka siku hiyo Zimwi halikula mtu, na bakuli likakaa kivulini, mshono wake wa shaba uking'aa.

Hadithi yangu imeishia hapo, uji uliobaki ni wenu. Nanyi watoto, kitu kikipasuka msikimbilie kukiziba. Kisikilizeni kwanza, mjue kimekosa nini.