Jinsi Pimbi Alivyonunua Gari kwa Kiboko

Paukwa.
— Pakawa.
Pakawa na gari.
— Gari la namna gani?
Magurudumu manne, na yote manne yanasukuma.
— Basi washa, twende.

Nawasha. Wa nyuma kaeni vizuri, na aliyekalia mguu wa mwenzake auachie.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana magari yalikwishakuwapo, ukoo wa pimbi uliishi kwenye Jabali la Ngenge. Chemchemi ya jabali ikakauka. Wakangoja mvua, mvua ikapita mbali bila hata kusalimia. Mto wa bondeni nao ukapungua mpaka likabaki dimbwi moja, na dimbwi hilo Kiboko alikuwa amelilalia. Pimbi walibaki na ghala la matikiti. Wakala tikiti, wakanywa tikiti, wakatazama ghala linavyopungua.

Maji yalikuwapo, ila ng'ambo ya Mbuga ya Chumvi, kwenye milima inayoonekana asubuhi tu. Mbuga hiyo haina mti wala kivuli, na miguu ya pimbi ni mifupi. Kwa kutembea wangefika wachache, na watoto wasingekuwa miongoni mwao. Ilibidi wapate gari. Nalo gari likiwafia katikati ya mbuga, ukoo umekwisha. Kila mmoja alilijua hilo, na hakuna aliyelisema mbele ya watoto.

Wakamtuma Pimbi mmoja, mwanamke mdogo wa umbo na mpole wa maneno, akanunue gari. Wakampa na Shangazi wa kumsindikiza, kwa sababu Shangazi ndiye aliyeshika funguo za ghala.

Aliyeuza magari alikuwa Kiboko, hapakuwa na mwingine. Yadi yake ilikuwa kando ya lile dimbwi lake. Alikuwa na mwili mkubwa, mdomo mkubwa, na tamaa iliyovishinda vyote viwili. Kila mteja aliambiwa maneno yale yale: "Utafika. Na usipofika, nakuja mwenyewe." Na kila mteja alitoka pale amefurahi.

Pimbi alifika yadini mapema, jua halijachomoza, ubaridi unauma. Sasa, pimbi akisikia baridi hupanda juu ya kitu akajilaza. Ndivyo walivyo, na hakuna anayewashangaa.

Gari la kwanza lilikuwa jeupe, linang'aa, viti bado vina nailoni, ndani linanukia marashi. Kiboko aliliita Malkia. Shangazi akaingia, akakaa, akakataa kutoka. Kiboko akaeleza kwamba Malkia amelala hapo tangu juzi, hajaguswa, na akiguswa tu anaamka.

Pimbi akapanda juu ya boneti. Akajilaza. Akafumba macho. Boneti ilikuwa na joto.

Kitu kilicholala tangu juzi hakina joto alfajiri, hilo hata mtoto wa pimbi analijua. Kiboko alikuwa amehangaika kuliwasha kabla ya wageni kufika, ili mbele yao liwake kwa urahisi. Pimbi akashuka taratibu. Kiboko akazungusha ufunguo, vruuum, na Shangazi akapiga makofi.

Gari la pili lilikuwa refu na pana. Lilikuwa na taa mbele, taa juu, na taa mpaka mahali ambapo hakuna anayehitaji kuona. Pimbi akapanda juu ya boneti. Akajilaza. Akafumba macho. Boneti ilikuwa baridi. Akaomba gari liwashwe.

Ng'e. Ng'e-ng'e. Ng'e. Tk.

Kiboko akacheka, akasema gari hili lina haya mbele ya wageni. Akaenda nyuma ya banda kuleta gari la tatu ili aunganishe nyaya, betri kwa betri, lile zima limsaidie mwenzake. Hilo la tatu hakuwa amelionyesha. Rangi yake ilikuwa ya tope, na sehemu nyingine lilikuwa tope lenyewe. Kioo kimoja hakikuwapo, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, na kwenye kiti cha nyuma kanga alikuwa ameatamia mayai.

Kiboko hajafika mlangoni mwa gari hilo, Pimbi aliyemfuata alikwishapanda juu ya boneti. Akajilaza. Akafumba macho. Baridi tupu. Kiboko akazungusha ufunguo mara moja.

Gr-gr-grrrum.

Halikukohoa. Halikutoa moshi mweusi. Liliamka kama mtu mwenye shamba lake.

Pimbi akafumbua macho. Nyuma ya gari lile aliona pipa la dizeli na kamba nene iliyolika kwa kazi. Akatazama njia inayotoka yadini. Kila alama ya tairi iliyotoka ilikuwa na alama ya kurudi pembeni yake, na katikati pana mburuzo wa kamba. Hapo akaielewa biashara. Kiboko anauza Malkia. Malkia anazimika njiani. Kiboko anafuata na gari la tope, anamvuta, anamdai mteja chochote alichobaki nacho kwa kazi ya kuvuta. Kisha anamwosha Malkia injini kwa dizeli, anamnyunyizia marashi, anamuuza tena. Malkia alikuwa amepata wenyewe wengi, na mbuga yenyewe hajaivuka hata mara moja.

Pimbi akauliza kwa heshima bei ya gari la tope. Kiboko akaacha kucheka.

"Hilo si la kuuza, mama. Hilo ndilo linalonilisha."

Katika yote aliyoyasema Kiboko asubuhi ile, hilo Pimbi aliliamini.

Basi akamnunua Malkia. Shangazi alifurahi mpaka akasahau kuomba apunguziwe. Ghala zima la matikiti likahamia kwa Kiboko, yakabaki machache ya watoto kwa safari. Pimbi hakumwambia Shangazi alilokuwa nalo kichwani, kwa kuwa Shangazi akipewa siri asubuhi, mchana inajulikana mpaka na mijusi. Lakini aliogopa sana. Kama amekosea, ameuza uhai wa wote kwa gari la marashi. Aliupokea ufunguo akaubana kifuani, na Kiboko akadhani ni furaha.

"Utafika," Kiboko akasema.

"Na nisipofika, baba?"

"Nakuja mwenyewe."

"Haya. Nimekusikia, na Shangazi amekusikia."

Ukoo ukapanda, wazee viti vya mbele, watoto kila mahali. Pimbi aliendesha amesimama juu ya kiti, na chini binamu zake walikanyaga klachi na breki kwa kuamriwa. Vruuum wakapanda, vruuum wakashuka. Kiboko hakungoja kuitwa. Aliwasha gari la tope akafuata mdogo mdogo, kwa mbali. Na matikiti yote aliyolipwa aliyapakia humo humo, kwa sababu katika nchi nzima hapakuwa na mnyama ambaye yeye angeweza kumwachia. Alimshuku kila mwenye meno.

Pale njia inapoiacha miti na kuingia mbugani pana korongo, na ndani ya korongo pana tope la mwisho: jeusi, laini, la baridi. Ukilipita hilo, jingine ni ng'ambo. Pimbi alifika hapo jua likiwa la utosi. Akazima gari.

Shangazi akauliza kulikoni. Pimbi akasema watoto wanyooshe miguu. Watoto wakanyoosha. Pimbi akazungusha ufunguo. Tk. Akazungusha tena. Tk. Shangazi akakaa chini akalia kwa sauti. Kilio chake kilikuwa cha kweli, ndiyo maana Kiboko alipotokea hakushuku kitu.

Kiboko akashuka, akawapa pole, akataja bei ya kuvuta: yale matikiti ya watoto. Pimbi akamsihi kwanza ajaribu kulichaji gari, betri kwa betri, huenda wakamalizia safari yao. Kiboko alijua Malkia hafiki popote. Lakini aliona kwamba akimwasha sasa atadai bei ya kuwasha, na akizimika mbele kidogo atadai na bei ya kuvuta. Akaunganisha nyaya, akaliacha gari la tope likiunguruma. Gr-gr-gr-gr.

"Betri hii imekufa hasa," akasema. "Itachukua muda."

Jua likawaka. Ngozi ya Kiboko haipatani na jua, mnajua wenyewe. Ikaanza kukakamaa mgongoni, kisha ikaanza kuuma. Pimbi akaitazama ngozi, akalitazama tope.

"Baba, unaungua. Tope lile pale."

"Na gari?"

"Gari linachaji. Sisi tutakwenda wapi na gari bovu?"

Kiboko akalifikiria jambo hilo kutoka kila upande, asione kasoro. Mbele yake palikuwa na wanyama wadogo, wamechoka, mmoja analia, na gari lao limekufa. Akaenda. Chubwi. Tope likamfunika mpaka masikio. Akafumba macho akapuliza mapovu: bu, bu, bu.

Pimbi hakukimbia. Akatoa waya wa kwanza. Akatoa waya wa pili. Watoto wakahama, binamu wakahama, wazee wakahamishwa. Shangazi aligoma kumwacha Malkia, akakubali aliporuhusiwa kuvua nailoni za viti aende nazo. Kanga hakuulizwa, yeye alikuwa ameshakaa. Mwishowe Pimbi akachukua tikiti moja, akaliweka juu ya boneti ya Malkia, na ufunguo kando yake. Gari kwa gari. Kisha grrrum, wakaondoka.

Kiboko alisikia mngurumo ukienda mbali. Akadhani betri imeshiba.

Pimbi waliivuka mbuga, chumvi ikipasuka chini ya matairi, kra, kra, kra. Gari lilichemka njiani, wakakamua tikiti kwenye rejeta, likatulia. Gurudumu moja lilizama, matatu yakasukuma. Walipofika milimani, maji yalikuwa yanashuka kwenye mawe bila kumngoja mtu. Watoto wakanywa. Wazee wakanywa. Pimbi akanywa, kisha akakaa pembeni akalia, kwa kuwa tangu alfajiri ile yadini hakuwa amepata nafasi. Aliporudi aliwakuta watoto wote wamejilaza juu ya boneti, wamefumba macho. Safari hii joto lilikuwa la halali.

Na Kiboko? Alitoka topeni, akaona vumbi dogo mbali sana mbugani. Akala tikiti. Akazungusha ufunguo wa Malkia. Tk. Basi akakaa kwenye kivuli cha Malkia akangoja gari la kuvuta. Gari la kuvuta lilikuwa moja tu nchi nzima.

Funzo la ngano hii ni kwamba muuzaji wa magari yaliyotumika ni mtu wa kuaminiwa, wala usimchoshe kwa kukagua-kagua. Kiboko alisema watafika, wakafika. Alisema wasipofika atakuja mwenyewe. Alikuja mwenyewe, na yupo pale mpaka leo.

Nimefika.
— Zima.
Nimezima. Na atakayeigusa boneti akaikuta ina joto, asiwe na shaka: gari limelala hapa tangu juzi.