Slivu ya Lori la Bi Sigilinda

Hapo zamani, na asitokee mtu wa kuniuliza zamani ipi, maana ninyi kwa kudakia maneno hamjambo, palikuwa na gereji pale Makambako, upande wa barabara ya Njombe. Mwenye gereji aliitwa Lukelo Mhavile. Fundi hodari, lakini hasira! Nati ikidondoka anafoka, isipodondoka anafoka kwa sababu ingeweza kudondoka.

Hasira zenyewe hazikuwa za bure. Mafundi wake walikuwa hawapatani. Huyu akifunga kitu, yule anakuja nyuma kukipima upya. Huyu anauliza, "Kwani huniamini?" Yule anajibu, basi spana zinaruka. Lukelo akachoka, akaweka sheria. Kila fundi akimaliza kazi yake, achore alama ya chaki kwenye injini. Chaki ikishawekwa, marufuku mwingine kuja kupima. Atakayepima kazi ya mwenzake, amemtukana, naye atatolewa. Na atakayeharibu injini ya mteja, abebe boksi lake la spana, atoke getini, asirudi. Makambako nzima ilijua kwamba fundi aliyetolewa kwa Lukelo hapati gereji nyingine ya kumpokea. Akalime.

Basi kukawa na amani. Chaki imewekwa? Imewekwa. Haya, songa mbele!

Siku moja likaja lori la Bi Sigilinda, mama wa biashara ya viazi. Lilikuja likivutwa kwa kamba, na lilikuwa limetoa moshi mweupe njia nzima. Wakaifumua injini, wakakuta slivu ya silinda ya nne imeliwa na kutu mpaka imetoboka. Slivu, kwa asiyejua, ni lile bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Nje yake kuna maji, ndani yake kuna moto. Ikitoboka, maji na moto vinakutana, na hapo hakuna injini tena. Dawa yake ni kuing'oa na kuweka mpya.

"Lukelo, mwanangu," alisema Bi Sigilinda, "mvua ndizo hizi zimeanza. Watu wa Uwemba wanangoja mbegu za viazi kwangu. Lori hili likilala, mashamba ya watu yanalala."

"Halitalala, Mama," akajibu Lukelo.

Kazi ya kwanza akapewa Mzee Kastori, mkongwe wa gereji. Aliing'oa slivu ya zamani, akaanza kusafisha ule ukingo ndani ya injini ambapo slivu mpya ingekuja kukaa. Akakwangua, akapiga msasa, akafuta kwa kitambaa. Akachora chaki. Halafu, hebu sikieni, akafuta miwani yake, akainama tena, akaona gamba la kutu limeng'ang'ania kwenye ukingo. Dogo, halizidi punje ya mtama. Slivu ikikalia gamba kama lile, inakaa upande.

Mzee akamfuata Lukelo. Akamkuta ana simu sikioni, Bi Sigilinda yuko upande wa pili anauliza lori, na alikuwa akiliuliza tangu asubuhi.

"Bosi, ile silinda ya nne..."

"Chaki umeweka?"

"Nimeweka, lakini..."

"Lakini nini tena, Mzee Kastori? Chaki imewekwa, imewekwa! Mnataka presha iniue? Hebu niondokee hapa!"

Mzee akaondoka. Akaenda kutafuta kikwangulio alitoe lile gamba kimyakimya. Aliporudi, alikuta slivu mpya imeshaingia mahali pake, na Subilaga anafuta mikono.

Subilaga alikuwa binti, fundi wa pili wa gereji. Ufundi wote alifundishwa na Mzee Kastori, tangu hajui spana wala bisibisi, na hadi siku ile alimwita Mwalimu. Mzee akamtazama. Kufuta chaki yake mwenyewe mbele ya mwanafunzi wake, na mvi zote zile? Aibu ikamshika. Akanyamaza.

Na Subilaga naye! Kazi aliifanya vizuri kabisa. Alipaka sabuni mipira ya slivu, akaishusha kwa mikono, ikateremka bila kukwama. Kisha akapitisha kidole juu ya ukingo wa slivu. Upande mmoja umeinuka. Kidogo mno, lakini kidole chake kilijua. Kipimo kilikuwa mfukoni mwa ovaroli, na mkono ukaingia mfukoni. Hapo akaiona chaki ya Mwalimu.

"Nikipima, nimemvua nguo mzee wangu," akajiambia. Mkono ukatoka mtupu. Akachora chaki yake.

Chaki imewekwa? Imewekwa, mbili sasa! Hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ikafungwa, injini ikawashwa, ikanguruma vizuri hata Lukelo akatabasamu, jambo ambalo si la kila mwaka.

Akamwita Mbwilo, dereva wa lori. "Sikiliza, Mbwilo. Safari ya kwanza nenda mtupu. Ukiona chochote kisichoeleweka, simama, nipigie. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

Alielewa. Lakini alipofika kwa Bi Sigilinda, alikuta wapakizi wako tayari na magunia ya mbegu.

"Mama, fundi amesema niende mtupu."

"Fundi ndiye mwenye lori? Pakieni!"

Wakapakia. Mbwilo akashika njia ya Njombe. Alipoanza kupanda milima aliona mshale wa joto unapanda nao. Akasimama, akachungulia tangi la maji. Maji yanatokota kwa povu kama uji jikoni. Akatoa simu. Akaitazama. Akafikiri, "Injini ina chaki za wakubwa, mimi dereva nitamwambia nini Lukelo? Atanifokea mpaka masikio yazibe." Akairudisha simu mfukoni, akaongeza maji, akaendelea. Jamani! Mtu kaambiwa simama, nipigie. Kusimama kasimama. Kilichomshinda ni kupiga!

Kabla ya kumaliza mlima, injini ikagonga, ikatetemeka, ikazima. Lori likavutwa kurudi gerejini, na mbegu juu yake zimelowa mvua.

Wakaifumua tena. Slivu mpya imepasuka shingoni. Maji yameingia kwenye oili, kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imekufa. Na chini ya slivu, gamba la kutu lile lile, limebonyea bapa. Lukelo alilishika kwenye kiganja, akaketi juu ya tairi, hasira zote zikamwisha mwilini. Alitamani kulia.

Bi Sigilinda akaja na gari la kuvuta. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowatisha.

"Lukelo, sheria ya geti ni yako. Nitajie mtu mmoja, leo, mbele yangu. Atoke, waliobaki waifufue injini yangu. Usipotaja, lori linaondoka sasa hivi, na kila mwenye lori kuanzia hapa hadi Songea atajua kwamba kwako anayeharibu anafichwa."

Lukelo akawageukia watu wake. "Semeni."

Mzee Kastori akasema, "Gamba ni langu, sikatai. Lakini mimi nilikuja kukwambia, bosi. Ulinipa nafasi ya kumaliza neno? Ulinifukuza kama kuku jikoni."

Subilaga akasema, "Kidole changu kilijua, sikatai. Lakini sheria ni yako, bosi. Ningepima, ungenitoa kwa kumtukana Mwalimu. Sikupima, unanitoa kwa kuharibu injini. Niambie basi, kwenye gereji hii mtu anabakije?"

Mbwilo akasema, "Povu nililiona, sikatai. Lakini slivu niliipasua mimi? Iliondoka hapa ikiwa imekaa upande, na mzigo sikujipakilia."

"Kwa hiyo ni mimi?" Bi Sigilinda akadakia. "Mvua ingenisubiri? Nililetewa lori nikaambiwa limepona, nikalipakia. Lori ni la kupakia, au mlitaka nilitandikie kitanda?"

Lukelo akashika kichwa. "Kila mtu hakatai, na kila mtu ana lakini! Mungu wangu, nimekosa nini mimi?"

Wakamtazama, wote wanne, na kule kumtazama kulikuwa jibu tosha.

Hapo Mzee Kastori akainama, akashika mpini wa boksi lake. Subilaga akamdaka mkono. "Weka chini, Mwalimu. Kama ni kutoka, nitoke mimi. Mimi bado nina nguvu za kulima."

"Sitaki wa kujitolea," akasema Bi Sigilinda. "Nataka wa kutajwa. Lukelo, nakusubiri."

Lukelo akasimama kutoka kwenye tairi. Akamtazama mzee aliyenyamaza kwa aibu. Akamtazama binti aliyenyamaza kwa heshima. Akamtazama dereva aliyenyamaza kwa woga, na woga wenyewe ulikuwa wa kumwogopa yeye Lukelo. Akautazama ukucha wa dole gumba lake mwenyewe, mweusi kwa oili za miaka yote. Akafumbua kinywa, akataja jina moja. Mtu mmoja akatoka getini siku ile, na hadi ninapowaambia haya hajarudi.

Jina ninalijua, na silisemi, maana nikilisema mtaniambia nilikuwepo nikapendelea. Semeni ninyi. Na asije mtu hapa akaniambia "wote", nimeshalichoka jibu hilo! Wakitoka wote, lori atalifufua nani? Wala asiniambie "hakuna", maana injini imekufa na mbegu za watu zimeoza.

Haya, wenye midomo. Aliyeliacha gamba, aliyehisi asipime, aliyeona povu asipige simu, aliyepakia mzigo kwa ubishi, au yule aliyewafundisha wote kunyamaza: je, nani alistahili kutajwa?