Kinyonga Aliyeikumbatia Taa

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Boga, na jino la kulitoboa.

Hapo kale, ukungu ulipokuwa bado unachelewa kuamka, Bi Panya alilima maboga kando ya mto. Akachomeka udongoni kijiti chenye kihisi cha kupima unyevu. Taa yake ikiwa ya kijani, udongo una maji, maboga yanakua. Ikiwa nyekundu, udongo umekauka, maboga yameiva.

Jirani yake Kinyonga aliishi humo shambani, katika maua ya maboga, akisinzia, jicho moja kwa nzi, jicho moja kwa ndoto. Alilipenda sana shamba lile.

Siku moja, chubwi, Kiboko akaibuka mtoni.

"Bi Panya, maboga haya ni yangu. Taa ikiwa nyekundu, naingia, nala yote."

"Na wanangu, bwana? Kiangazi kinakuja."

"Wafundishe kufunga."

Asubuhi moja taa ikawaka nyekundu. Bi Panya akaketi akalia. Kinyonga aliogopa hata mkia ukajikunja. Lakini polepole, hatua na kuyumba, hatua na kuyumba, akapanda kijiti, akaikumbatia taa kwa tumbo, akawa kijani.

Chubwi! "Vipi maboga yangu?"

"Bado, bwana. Taa ni ya kijani."

"Basi yanenepe." Chubwi, akazama.

Chini ya majani, Bi Panya na wanawe wakatoboa boga kwa chini, kwaru, kwaru, kwaru. Wakabeba nyama na mbegu, ganda wakaliacha limekaa vilevile.

Kesho yake, chubwi! "Vipi maboga yangu?"

"Bado, bwana. Taa ni ya kijani."

"Basi yanenepe." Chubwi. Kwaru, kwaru, kwaru.

Ikawa hivyo asubuhi kwa asubuhi. Juu ya kijiti Kinyonga alipitiwa na usingizi, akaota yeye ni jani, na jani halina haja ya kuigiza kijani. Majini Kiboko aliota maboga makubwa kama mwezi. Mate yakamtoka, mto ukajaa kidogo.

Ghala la Bi Panya lilipojaa, Kinyonga akashuka. Nyekundu!

Kiboko akaja, tifu, tifu, tifu. Akapanua kinywa, akauma boga kubwa kuliko yote. Puf. Akauma la pili. Puf. La tatu, puf.

"Bi Panya, mbona yamejaa upepo?"

"Labda yamenenepa mno, bwana."

Kiboko akarudi mtoni na njaa yake. Kinyonga akafumbua jicho moja, akauliza mbegu zitapandwa lini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, nendeni nayo; ikiwa imechacha, niachieni mwenyewe. Na funzo ni lilelile la wazee: mvumilivu hula mbivu. Anayebisha akamuulize Kiboko, ila asisimame karibu na kinywa.