Chewa Amkaribisha Papa

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, samaki walipokuwa wakipikiana na kutembeleana kama sisi, palikuwa na Bi Dagaa, mdogo kama hiki kidole changu cha mwisho. Aliishi na wanawe kwenye ufa wa mwamba, karibu na mdomo wa mto.

Masika ilikuwa raha tupu. Mto ulishusha maji ya rutuba, bahari ikajaa vijimea na vijidudu vidogo mno, vinaelea tu, hata maji yakawa mazito kama uji. Dagaa kazi yao kufumbua midomo, wakashiba. Tena ndani ya uji ule hapana adui aliyewaona.

Mvua zikakatika. Vile vijidudu vingine vikaliwa, vingine vikafa, maji yakatakata kama glasi.

"Wanangu," akasema Bi Dagaa, "hapa njaa imeingia. Twendeni mdomoni mwa mto, kule uji bado upo."

Kutoka tu ufani, loo! Mzee Chewa huyo, kinywa wazi kama mlango wa ghala.

"Hee, Bi Dagaa! Masika nzima nawatafuta kwa kupapasa. Leo nawaona mpaka miiba."

"Shikamoo, Mzee Chewa."

"Marahaba. Ingieni."

Watoto wakalia, nyii, nyii! Mama akawaficha nyuma yake.

"Tutaingia, baba. Ila nakuonea haya."

"Haya ya nini?"

"Utakula peke yako? Masika sawa, kila mtu alikula gizani, nani amlaumu nani? Sasa maji meupe. Bwana Papa yule anapita, anakuona unavyotafuna, wala hukumwambia karibu! Kesho bahari nzima itasema: Chewa mchoyo, Chewa kalelewa nyumba gani?"

Na Chewa, jamani, alivyopenda kusifiwa adabu!

"Mimi? Mtoto wa watu mimi?"

"Basi mkaribishe tu. Atajibu 'starehe', aende zake."

Chewa akageuka, akakohoa, kho! "Bwana Papa! Karibu chakula!"

"Ahsante, ndugu yangu!" Papa akaja, chwaaa! "Tangu jana sijatia kitu tumboni."

Akawatazama dagaa. Akamtazama Chewa, kitambi kile.

"Chakula chenyewe kipi?"

"Si... si hawa hapa?"

"Hawa watanipita katikati ya meno! Ndugu yangu, unanitania, na wewe mwenyewe umenona hivyo."

"Aa, Bwana Papa! Mimi si chakula, mimi mwenyeji!"

"Umenikaribisha, nimekaribia. Utanirudisha na njaa?"

Chewa huyoo! Akajitumbukiza pangoni kwake. Kichwa kikapita, tumbo likagoma. Mkia nje, pata-pata-pata! Papa akaung'ata, nyofu!

"Sema starehe!" Chewa akalia kutoka ndani. "Bwana Papa, watu husema starehe!"

"Hiyo husema aliyeshiba!"

Bi Dagaa na wanawe hawakungoja. Tiii, mpaka mdomoni mwa mto, wakazama ndani ya uji. Mdogo wao akauliza, kinywa kimejaa:

"Mama, na sisi tumwambie Bwana Papa karibu?"

"Kula, mwanangu. Humu hakuna anayetuona."

Basi wajukuu zangu, mwenye nguvu akishapenda sana kusifiwa, hata dagaa atampeleka anakotaka.