Ubeti Uliofunikwa kwa Vigelegele

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu, lakini nawasamehe, maana ngano ya leo ni ya kwetu na naona fahari kuisimulia. Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakishtakiana katika baraza moja, palikuwa na nchi ya Uvumo. Nchi kavu, kisima kimoja. Lakini kwa nyimbo hakuna aliyetuweza. Tulikuwa na wimbo wa kulima, wimbo wa kubembeleza watoto na wimbo wa kutwanga, na kila wimbo ulibeba habari za waliotutangulia.

Siku moja Fisi akaja na kitabu kwapani. "Kisima hiki ni changu," akasema. "Imeandikwa humu kwamba babu yangu ndiye aliyekichimba." Akasema hivyo sokoni, akasema hivyo kisimani, akasema hivyo mbele ya Kakakuona, hakimu wa nchi.

Kakakuona akawauliza watu wa Uvumo, "Nanyi kitabu chenu kiko wapi?"

"Hatuna," wakajibu. "Tuna wimbo wa kutwanga."

"Basi uimbwe. Mkishindwa, mtahama."

Akaitwa Sikudhani, mwanamke aliyeujua wimbo huo kuliko wote. Akasimama barazani, mikono kando, akaanza. Mstari wa kwanza ukatoka, wa pili ukapotea. Akaanza tena, ukapotea. Akaanza mara ya tatu, ukapotea. Fisi akacheka hadi akajikalia mkia. Watu wakaanza kuwaza mizigo yao, na Sikudhani akaona aibu, machozi yakamlengalenga.

Kumbe kosa lilikuwa letu sote. Tangu azaliwe, Sikudhani hakuwahi kuuimba wimbo ule mikono mitupu. Maneno aliyashika pamoja na mchi.

"Mheshimiwa hakimu," akasema, "naomba kinu, mchi na mtama."

"Hapa ni barazani, si jikoni," akasema Fisi.

"Aletewe," akasema Kakakuona.

Wanawake wawili wakaja na michi yao kupokezana naye, tu, tu, tu, na wimbo ukaja wenyewe:

*Alianza Mkambala, tu,*
*akachimba udongo mwekundu, tu.*
*Akapokea Nyamvula, tu,*
*akachimba mchanga mweupe, tu.*
*Akamaliza Tabu, tu,*
*akalaza mawe matatu chini ya maji, tu.*

Palikuwa na ubeti mmoja zaidi. Huo tulizoea kuufunika kwa vigelegele, mgeni asiusikie. Shangazi yake Sikudhani akamkonyeza: ishia hapo, mwanangu, yanatosha. Sikudhani alimwona. Mchi wake ukasita hewani. Kisha akaushusha, akaimba:

*Nungunungu alituonyesha maji, tu,*
*tukamwahidi atakunywa nasi, tu.*
*Tulipokata kiu tulimfukuza, tu.*

Watu wote wa Uvumo wakainamisha vichwa.

Kakakuona akamgeukia Fisi. "Babu yako alilaza nini chini ya kisima?"

"Alilaza maji," akasema Fisi.

Mtu akashushwa kisimani kwa kamba. Likatoka jiwe la kwanza, likatoka la pili, likatoka la tatu.

"Kisima ni cha Uvumo," akasema Kakakuona. "Mawe haya yameniridhisha macho. Lakini ubeti wa mwisho ndio ulioniridhisha moyo, maana anayejitungia historia ya uongo haweki aibu yake ndani."

Akafungua kitabu cha Fisi. Ukurasa mmoja tu ulikuwa na maandishi, na wino wake ulikuwa bado mbichi. Akaung'oa, kitabu kilichobaki akampa Sikudhani. "Andikeni wimbo wenu. Kila penye pigo la mchi liandikeni pia, ili msomaji ajue ashike nini."

Ukaandikwa wote, bila kufichwa kitu. Ndiyo maana mtu akitaka kutujua sisi ni nani, tunamwimbia, kisha tunampa kitabu asome, na hatumwonei haya.

Hadithi yangu naitua hapa, lakini mjue na hili. Kulipokucha, Sikudhani alikwenda porini kumtafuta Nungunungu, akamkuta mzee, miiba imepukutika.

"Babu," akamwambia, "tumekuja kutimiza neno letu."

Nungunungu akainuka. "Mmekawia," akasema.

Akaenda naye kisimani, akanywa taratibu, na watu wa Uvumo wote walisimama nyuma yake na mitungi yao, wakisubiri zamu.