Tuta la Kiboko na Kucha za Bi Fuko

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, hamkuja msibani.

Hapo zamani, zamani za kale, Kiboko alikuwa mkuu wa bonde. Siku moja akaamuru wanyama wajenge tuta mtoni, maji yajae. "Maji ni neema," akasema. "Yamenifaa mimi, yatawafaa wote."

Wote! Bi Fuko na wanawe wachanga walikuwa wakiishi chini ya ardhi, pale pale ukingoni. Maji yakaingia mlangoni. Akawabeba wanawe kwa mdomo, mmoja mmoja, akahamia chumba cha juu. Kisha akaenda barazani, matope yakimchuruzika.

"Bwana mkubwa, nyumba yangu inazama."

Kiboko akageuka. "Bata, maji yakoje?"

"Matamu, bwana!"

"Umesikia, bibi? Nenda, utayazoea."

Maji yakapanda. Bi Fuko akarudi. "Bwana mkubwa, viazi vyangu vya akiba vimeoza."

"Chura, maji yakoje?"

"Tunaimba mpaka sauti zinakauka, bwana!"

"Umesikia? Wewe una kijicho tu."

Maji yakafika chumba cha juu. Akarudi mara ya tatu. "Wanangu wanakufa maji!"

"Wafundishe kuogelea."

Baraza zima likacheka. Bata ndiye aliyecheka zaidi, mnafiki yule, na miguu yake ya makasia.

Bi Fuko hakulia. Machozi ya nini, na maji yamejaa tele? Akaenda kwenye tuta na kucha zake. Akachimba huku, akachimba kule, akachimba katikati, tuta likawa matundu matupu. Likaporomoka: pwaa! Maji yakashika njia yao ya zamani.

Kiboko akabaki kwenye tope kavu, jua linampasua ngozi. "Nakufa! Bi Fuko, nihurumie!"

Bi Fuko akachungulia kutoka shimoni, wanawe wananyonya. Akaita, "Mjusi, jua likoje?"

"Tamu, bibi!"

"Umesikia, bwana mkubwa? Utalizoea."

Kiboko akajikokota na tumbo lake kutafuta kina mbali huko. Ndiyo maana mpaka leo hatoki kula majani mpaka jua lizame.

Basi jueni, mvua inayonenepesha mpunga ndiyo inayoozesha ufuta. Mwenye kuleta jambo jipya asimuulize Bata peke yake. Apige hodi na kwa Fuko.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aiache mlangoni, nitaifagia.